Shangazi, mpakani wanataka nini?

Barua za mwezi huu zimejaa mipaka. Likizo ikikaribia, watu hukumbuka kwamba pasipoti ipo kabatini na hawajui inaisha lini. Kwa walio wageni wa ukurasa huu: nilikuwa wakala wa forodha Namanga kwa miaka mingi, siku hizi nakatisha tiketi Arusha, na majina ya wanaoniandikia siyatoi. Maswali marefu nimeyafupisha. Salamu sikuzigusa, salamu hazikatwi.

Fundi simu, Arusha

Shikamoo Shangazi. Nataka kwenda Nairobi kununua vipuri, siku mbili tu na kurudi. Sina pasipoti, nina kitambulisho cha NIDA. Mwenzangu ananiambia Afrika Mashariki sasa ni moja, mbona Waganda wanaingia Kenya kwa kitambulisho, kwa hiyo na mimi nitapita. Mwingine anasema hata hicho cha nini, yupo kijana wa bodaboda atanivusha kwa elfu tano. Nimfuate nani?

Marahaba mwanangu. Usimfuate yeyote kati ya hao wawili, ingawa huyo wa kwanza ana nusu ya ukweli. Waganda wanapita kweli. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana, na tangu 2014 raia wao huvuka kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haikuingia kwenye mpango huo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inakupa haki ya kuingia Kenya bila viza, lakini haikukuondolea hati ya kusafiria. Hiyo NIDA yako itakusaidia kuipata hati. Kukuvusha yenyewe, hapana.

Kwa safari moja ya siku mbili unaweza kuomba hati ya dharura ya safari. Inatolewa na Uhamiaji, mkoani na hata mpakani. Mimi ningeishughulikia hapa hapa Arusha kabla ya kupanda gari, maana ukisema utaimalizia Namanga, abiria wenzako watakaa ndani ya basi dogo wakikuchungulia dirishani, na dereva akichoka anaondoka. Beba kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na picha. Lakini kama hivyo vipuri utavifuata kila mwezi, kaa chini upige hesabu. Pasipoti ni shilingi 150,000 na inadumu miaka kumi. Fundi anayefuata mzigo Nairobi anairudisha hela hiyo mapema sana.

Sasa nikueleze Namanga palivyo, usije ukababaika. Zamani ulipanga foleni upande wetu, ukagongewa muhuri wa kutoka, ukabeba begi lako juani hadi upande wa Kenya, ukapanga foleni upya. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe na Rais Magufuli na Rais Kenyatta tarehe 1 Desemba 2018, utaratibu umegeuka: unalipita jengo la Tanzania bila kusimama, unaingia jengo la upande wa Kenya, na humo ndani maafisa wa nchi zote mbili wamekaa pamoja. Dirisha la kwanza Mtanzania anakutoa, la pili Mkenya anakuingiza. Ukirudi ni kinyume chake: jengo la Kenya unalipita, unahudumiwa letu. Wageni wengi huiona bendera ya Tanzania wakashuka na mabegi, kisha wanashangaa mbona wanaelekezwa waendelee mbele.

Dirishani utaulizwa unakwenda wapi, kufanya nini, siku ngapi. Jibu kwa kifupi na jibu ukweli. "Nakwenda Nairobi kununua vipuri vya simu, narudi kesho kutwa" ni jibu zuri kabisa. Anayesema "natembea tu" huku begi lake ni tupu na mfuko umejaa ndiye anayeulizwa la pili na la tatu. Ukishagongewa, usiondoke dirishani kabla hujausoma muhuri: tarehe ni ya leo? Siku ulizopewa zimeandikwa ngapi? Kosa likiwepo, hapo ndipo pa kulisahihisha, afisa bado anakukumbuka na kalamu iko mkononi mwake. Ukiligundua Nairobi limekuwa lako.

Nje kuna vijana wenye mabunda ya noti na kina mama wa Kimasai wenye shanga. Hela kabadilishe dukani au benki, usibadilishe juani na mtu anayehesabu haraka kuliko macho yako. Shanga kanunue, ni nzuri, ila pasipoti iwe mfukoni kwanza. Mama mmoja anakuvisha bangili mkono huu, mwenzake mkono ule, na hati yako umeibana kwapani kama gazeti. Nimeokota pasipoti chini pale, na mwenyewe keshafika Kajiado.

Kuhusu bodaboda na njia za panya. Atakuvusha, sikatai. Utafika Nairobi huna muhuri wa kuingia, na kisheria hujaingia Kenya. Askari akikusimamisha River Road utamwonyesha nini? Halafu kurudi unarudi na begi la vipuri ambavyo havijapita forodha, na hiyo ni magendo, mzigo unakamatwa wote. Ukipita penye lango, risiti za duka mkononi, unautaja mzigo, unatozwa kinachostahili, unapewa karatasi. Hiyo elfu tano ni ya kwenda. Ya kurudi atakupangia yeye.

Bibi wa Tanga

Mwanangu, salaam aleikum. Nina mjukuu wa miaka saba, mtoto wa binti yangu, nataka kwenda naye Mombasa kwenye harusi kwa dada yangu. Wazazi wake wako kazini Dodoma. Zamani tulikuwa tukienda Mombasa na kurudi, hakuna wa kutuuliza kitu. Leo naambiwa mpaka mtoto atakiwa karatasi. Ndivyo?

Waaleikum salaam, na shikamoo bibi. Ndivyo. Afisa wa Horohoro, pale mpakani mtakapopita, haoni bibi anayekwenda harusini, anaona mtu mzima na mtoto ambaye wazazi wake hawapo. Wanaosafirisha watoto wa watu nao huja na mtoto msafi, kavaa vizuri, kashikwa mkono. Kwa hiyo usikasirike ukiulizwa. Ningekuwa mimi ndiye mama yake ningependa uulizwe.

Mtoto anahitaji hati yake mwenyewe ya kusafiria, haingii kwenye yako. Chukua cheti chake cha kuzaliwa. Kisha barua ya ruhusa iliyosainiwa na baba na mama wote wawili, si mama peke yake, mbele ya wakili: jina la mtoto, jina lako, mnakwenda nyumba gani Mombasa, mnatoka lini na kurudi lini, na namba za simu za wazazi. Ambatanisha nakala za vitambulisho vyao. Halafu liko jambo ambalo watu hulisahau. Cheti cha mtoto kina jina la mama yake, jina lako halimo. Kwa hiyo chukua na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha huyo mama, ambacho jina lako limo. Hivyo viwili vikikaa pamoja, undugu wenu unasomeka bila maneno mengi.

Waambie wazazi simu ziwe wazi siku hiyo. Na zungumza na mjukuu. Afisa huinama akamuuliza mtoto, "Huyu ni nani wako?" Watoto wengi waliolelewa na bibi humwita bibi "Mama." Mtoto akisema "Ni mama," na karatasi zinasema bibi, mtakaa hapo mpaka Dodoma wapokee simu. Mfundishe aseme jina lako na jina la mama yake mzazi. Kwenda mtahudumiwa jengo la Lunga Lunga, upande wa Kenya, kurudi jengo la Horohoro. Nisalimie harusi.

Dada wa Unguja

Shikamoo Shangazi. Shemeji yangu yuko Muscat, kanikatia tiketi kwa intaneti nikamtembelee dada aliyejifungua. Tiketi imeandikwa Mwanaesha Khamis. Pasipoti yangu inasema Mwanaisha Khamis Haji. Shemeji anasema si neno, kila mtu ananijua kwa Khamis. Nimebaki na wasiwasi.

Marahaba, na hongera kwa mtoto. Wasiwasi wako una maana. Wanaokujua kwa Khamis hawako kaunta ya uwanja wa ndege.

Fungua pasipoti yako ukurasa wenye picha. Chini kabisa pana mistari miwili ya herufi nyembamba zenye alama kama midomo ya ndege. Watu hudhani ni mapambo, kumbe mashine inasoma hiyo tu. Wa juu kwako unaanza hivi:

P<TZAHAJI<<MWANAISHA<KHAMIS<<<<<

P ni pasipoti. TZA ni Tanzania, Mkenya ana KEN, Mganda UGA. Baada ya hapo linakuja jina la ukoo, na linaishia kwenye zile alama mbili za pamoja. Yanayofuata ni majina yako mengine. Kwa mashine wewe ni Haji. Khamis ni jina la katikati tu, hata kama ndiye baba aliyekulea na kukusomesha. Sisi tunajitaja jina letu, la baba, la babu, na jina la babu ndilo linalogeuka jina la ukoo. Wenye tovuti za tiketi wanauliza jina la ukoo na jina la kwanza, basi, na shemeji yako akajaza kwa mazoea ya nyumbani.

Jina la katikati likikosekana kwenye tiketi, mashirika mengi hayana shida. La ukoo likiwa jingine, shida ipo. Na wewe una mawili: ukoo umekosewa, na Mwanaisha amekuwa Mwanaesha. Anayetakiwa kupiga simu ni shemeji, maana ndiye aliyelipa, na apige leo. Kurekebisha herufi au kuweka jina kamili la mtu yule yule, mashirika hukubali, mengine kwa malipo. Wanachokataa ni kuikabidhi tiketi kwa mtu mwingine. Kadiri siku ya safari inavyokaribia ndivyo maelezo yanavyokuwa marefu.

Kabla ya hiyo simu ya tiketi, tazameni viza. Kama viza ya Oman aliiomba yeye na akajaza majina yale yale, anzeni kuisahihisha hiyo. Tiketi safi na viza yenye jina jingine haikufikishi popote. Linganisha herufi kwa herufi, kisha namba ya pasipoti. Herufi O na sufuri zimewarudisha watu nyumbani. Tarehe ya kuzaliwa pia: tarehe 3 Agosti ikijazwa kwenye fomu inayotanguliza mwezi, inageuka tarehe 8 Machi. Pasipoti huandika mwezi kwa herufi, kwa hiyo yafuate ya kwenye pasipoti.

Kutoka Kitengela, Kenya

Habari Shangazi. Krismasi hii tunaenda Moshi kwa wakwe, mimi, mke na watoto wawili, na gari letu. Gari bado lina mkopo wa benki. Mimi na watoto ni Wakenya, mke ni Mtanzania. Kuna jirani ameniambia nihakikishe nina kadi ya njano, mwingine ameniambia kadi ya njano iliisha maana. Tuanzie wapi?

Njema, karibuni kwa wakwe. Majirani zako wanazungumzia kadi mbili tofauti, na wewe utazihitaji zote mbili.

Ya kwanza ni ya mwili, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kenya ni kati ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo dawati la afya mpakani wanaweza kukiomba. Ya pili ni ya gari, bima ya COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) ya kwenda nje ya nchi, nayo huitwa Yellow Card. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango huo wa bima imo. Kampuni yako ya bima ndiyo inayoitoa, ukiwaambia unaingia Tanzania na kwa siku ngapi. Itafute ukiwa Kenya. Ukifika mpakani huna, utauziwa bima ya pale pale ukiwa na haraka na watoto wanalia njaa, na mtu wa namna hiyo haulizi bei.

Mkopo ndio utakaokuchelewesha, uanze nao. Forodha wanataka kujua gari ni la nani na limeruhusiwa kutoka. Kama jina la benki limo kwenye logbook, waombe nakala pamoja na barua ya kuruhusu gari hilo, kwa namba zake za usajili na za chesisi, liingie Tanzania kwa tarehe mlizopanga. Benki nyingi huchukua siku kadhaa kuiandika, na Desemba wanaokaa maofisini ni wachache. Omba Novemba. Mpakani utapewa kibali cha muda cha gari. Isome tarehe ya mwisho, kikunje, ukiweke pamoja na bima. Wakati wa kutoka utadaiwa kibali hicho.

Wewe na watoto: kipande chako kinakufikisha Kampala na Kigali, Moshi hakikufikishi. Pasipoti kwa kila mmoja, mtoto mchanga naye. Mke apite na hati yake ya Kitanzania, asije akajichanganya kwenye foleni yenu akaulizwa anakwenda kwa nani.

Barabarani nitasema mawili. Vijijini mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wetu waliovaa nyeupe wana tochi, wanakumulika ukiwa bado unaimba. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. La pili, mifuko ya plastiki tulipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Nyinyi mlitutangulia Agosti 2017, kwa hiyo hilo mmelizoea. Angalieni tu ile iliyobaki chini ya viti tangu enzi hizo.

Mwalimu mstaafu, Kisumu

Shangazi, nilichanjwa homa ya manjano mwaka 2012. Kadi inasema miaka kumi. Natakiwa kuchanjwa tena kwenda Afrika Kusini kwa mwanangu?

Hapana, mwalimu. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, cheti hicho ni cha maisha, hata kile kilichoandikwa miaka kumi. Ila kibebe, maana kwa anayetoka Kenya Afrika Kusini wanakidai kweli. Anayechanjwa mara ya kwanza akumbuke kuwa cheti huanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Kuchanjwa Ijumaa na kuruka Jumapili hakusaidii. Viza usihangaike nayo, tangu Januari 2023 Wakenya wanaingia kule hadi siku 90 bila viza. Na wale wanaowauzia watu kadi bila sindano sitaki kuwasikia kwenye ukurasa huu.

Kijana wa Dar es Salaam

Shikamoo. Mjomba yuko Hamburg, kanialika wiki tatu. Mimi nina duka la vifaa vya umeme. Kijana mmoja ananiambia akaunti yangu haina uzito, atanitengenezea taarifa ya benki yenye milioni arobaini kwa laki tatu, viza ya uhakika. Unasemaje?

Marahaba. Nasema hiyo laki tatu kanunue mzigo wa dukani.

Viza ya uhakika haipo. Ubalozi hauna haja ya kuiamini karatasi yako, wanaweza kuiuliza benki. Ikionekana ya kughushi, unanyimwa viza kwa sababu hiyo hasa, na sababu inaingia kwenye mfumo unaosomwa na nchi zote za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, inakaa miaka mitano. Kesho ukiomba Uholanzi au Hispania, wanaikuta. Yule kijana haimo namba yake humo, jina lililomo ni lako.

Na wala hukuwa na haja ya kudanganya. Mjomba wako Ujerumani anaweza kukubeba kisheria. Anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake, anaonyesha mapato yake, anasaini ahadi rasmi ya kugharamia safari yako, inaitwa Verpflichtungserklärung. Mwambie neno hilo, atalijua. Waraka halisi akutumie kwa mtu au kwa kampuni ya vifurushi. Picha ya WhatsApp haitoshi.

Kwa upande wako toa taarifa yako ya benki ya kweli, ya miezi mitatu au zaidi. Wao wanatazama mzunguko: mauzo yanaingia, kodi ya fremu inatoka, mzigo umelipwa. Milioni mbili zinazozunguka zina maana kuliko arobaini zilizoshuka Jumatatu. Weka leseni ya biashara, TIN, mkataba wa fremu, na kama una mke na watoto, vyeti vyao. Wanachojiuliza ni kimoja, kama utarudi, na duka lako ndilo jibu. Andika barua yako mwenyewe, ukurasa mmoja, useme nani atauza ukiwa haupo. Hilo la nani atauza wengi hawaandiki, na mimi huwa nawalazimisha.

Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 na ifunike nchi zote za Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku kumi na tano kabla, lakini nafasi za miadi hujaa, usisubiri hizo kumi na tano. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, ibaki na miezi mitatu zaidi ya siku utakayotoka Ulaya, na kurasa mbili tupu. Mpakani kwao siku hizi unachukuliwa alama za vidole na picha. Walianza mfumo huo Oktoba 2025, na mashine inakuhesabia siku zako yenyewe: 90 ndani ya kila siku 180, siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Kwako wewe wa wiki tatu hakuna tatizo. Mwambie mjomba asikushawishi ukae.

Mama wa Morogoro

Pasipoti yangu imebakiza miezi minne, Dubai nakwenda wiki moja. Itatosha?

Haitatosha. Wanataka miezi sita tangu siku ya kuingia, na watakaokuzuia ni watu wa ndege, hapa hapa, na mabegi yako yameshapimwa. Omba mpya kwanza, viza baadaye, kwa sababu viza hufuata namba ya pasipoti.

Kutoka Lubumbashi

Jambo Shangazi. Nakwenda Brazil kwa kazi ya kampuni, viza ya Brazil ninayo. Tiketi ya bei nafuu inapita Paris, saa nne tu za kusubiri, sitoki nje ya uwanja. Niinunue?

Jambo ndugu. Usiinunue kabla ya kujua hili: raia wa Kongo yuko kwenye orodha ya wale wanaotakiwa viza ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen, hata asipotoka nje ya mlango. Ziko nafuu kwa wenye viza ya Marekani au Kanada, ya Brazil haimo. Ukiongeza ada na muda wa kuiomba hiyo viza, unafuu wa tiketi unakwisha. Tafuta njia ya Addis Ababa hadi São Paulo, na yote iwe kwenye tiketi moja, begi lako lipokewe Lubumbashi, mkutane nalo mwisho wa safari. Ukinunua tiketi mbili za mashirika mawili, huenda ukalazimika kutoka nje kulichukua begi, na hapo suala la viza linaanza upya katika nchi nyingine.

Mkulima wa vitunguu, Mang'ola

Shikamoo Shangazi. Kila msimu madalali wa Nairobi wanakuja shambani na bei yao. Mwaka huu nataka kupeleka mwenyewe, magunia machache kwanza. Naambiwa lazima niwe na wakala na kampuni. Na mke wangu anataka arudi na mitumba kwa karatasi hiyo hiyo.

Marahaba, na nimefurahi kuisoma barua hii kuliko zote. Mzigo ukiwa na thamani isiyozidi dola 2,000, upo utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki. Hulazimiki kuwa na wakala. Pale Namanga, forodha wanakujazia cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kwamba vitunguu hivi vimelimwa Tanzania, na mzigo wako hautozwi ushuru wa forodha Kenya. Muulize afisa wa dawati la taarifa za biashara, akuonyeshe orodha ya bidhaa zinazokubalika. Wale wenye kitambulisho cha kamba shingoni wanaokufuata tangu kwenye maegesho si wao.

Ushuru kuondoka hakuondoi vibali. Mazao yanataka cheti cha afya ya mimea, na hicho kinatolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao yao yako hapa Arusha. Ulizia na kibali cha kusafirisha mazao nje. Vipate kabla ya kupakia, kitunguu kikikaa siku mbili chini ya turubai Namanga kinaanza kuchipua, na dalali wa Nairobi atakuja kukinunua hapo hapo kwa bei ya huruma. Usiugawe mzigo mkubwa vipande vipande kwa majina ya wajomba ili kila kipande kiwe chini ya dola 2,000. Maafisa wanaijua mbinu hiyo tangu nikiwa pale. Ukizidisha, tafuta wakala mwenye leseni na cheti kamili cha asili ya bidhaa. Kitunguu cha Tanzania bado hakitozwi ushuru huo, kinachobadilika ni karatasi.

Mitumba ya mama haimo. Cheti hicho ni cha vitu vilivyozalishwa ndani ya Jumuiya, na yale mabelo yametoka mbali. Atatozwa kama mwagizaji mwingine yeyote, kwa hiyo apige hesabu ya ushuru kabla ya kufika Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Nakala ya ile fomu ya vitunguu ninayo ofisini. Mkishuka Arusha na gari, simameni niwaonyeshe mahali ambapo wengi hukosea, ni pale kwenye uzito: andikeni kilo, msiandike magunia, maana gunia la Mang'ola na gunia la Nairobi hayalingani.